Kutoka Kanja hadi Takaungu: je, ndege ndogo ingeniwahisha mazikoni?

Julai mwaka jana nilikuwa Kanja, kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes, kwa kazi ya kupima njia ya mabomba ya maji. Simu iliingia nikiwa bado juu ya msala baada ya Alfajiri. Ami yangu, aliyenilea tangu baba alipofariki, amefikwa na ahadi yake kule Takaungu. Maziko ni Alasiri.

Sisi maiti hatumuweki. Nililijua hilo na nikaanza mbio: matatu hadi Embu, nyingine hadi Nairobi. Treni ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka na ndege za abiria za mchana zilikuwa zimejaa, basi nikapanda gari la Mombasa. Takaungu niliingia saa tatu usiku. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji, watu wameshatawanyika.

Siku ya pili matangani, mdogo wangu mmoja, fundi wa mashini za boti, aliniuliza: "Kaka, lau ungekuwa na kindege chako mwenyewe, ungewahi?" Watu walicheka. Mimi lile swali lilinikaa, na nimekuwa nikilifuatilia kwa rafiki yangu mmoja anayerusha ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mafuta, maana kila mtu hudhani hapo ndipo penye gharama. Kutoka Kanja hadi Takaungu kwa barabara, kupitia Nairobi, ni karibu kilomita 700. Probox inayokwenda kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 58 hivi. Kwa angani, mstari ulionyooka kutoka Embu, ambako kuna kiwanja kidogo cha ndege, kukatiza Tsavo hadi Mombasa, ni kama kilomita 450. Chukua ndege aina ya Mooney M20J, ya Marekani, iliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1998. Ina injini moja na viti vinne, mwendo wake wa safari ni karibu kilomita 300 kwa saa, na hunywa kama lita 40 kwa saa. Ni saa moja na nusu. Ukiongeza mafuta ya kupandia, ni lita 65 hivi. Yaani Probox na ndege zinakaribiana! Nilimwambia rafiki yangu arudie hesabu, akarudia.

Siri yake si nguvu ya injini. Cessna 172, ile ndege ya mabawa juu ambayo wanafunzi wengi hujifunzia, ina injini ndogo kuliko ya Mooney, lakini kwa kila kilomita hunywa mafuta zaidi kidogo. Adui ni upepo. Ukizidisha mwendo mara mbili, upepo hukuzuia mara nne, na nguvu unayohitaji hupanda mara nane. Kwa hivyo ukitaka kwenda mbio kwa kuongeza injini tu, utafilisika. Njia ya akili ni kupunguza kinachouzuia upepo. Mabaharia wetu wanalijua hili. Jahazi likiota chaza na majani chini halikimbii hata ukitweka tanga kubwa vipi. Hupandishwa pwani, likakwanguliwa, likapakwa deheni. Mooney iliyoitangulia M20J ilikuwa na injini ya nguvu farasi 200. Mhandisi Roy LoPresti na wenzake waliiacha nguvu ileile, wakalaza kioo cha mbele, wakachonga upya kifuniko cha injini, wakaziba nyufa zilizokuwa zikimeza upepo. Ikatoka ndege inayofika maili 201 kwa saa kwa nguvu farasi 200, na wakaiita 201. Magurudumu nayo hukunjwa ndani ikisharuka. (Kuna marubani husahau kuyatoa wakitua. Kampuni za bima zinawajua.)

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Mnamo Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekulia huku, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi kwa ndege ya mbao aina ya Vega Gull, mali ya mlowezi wa Kenya, John Carberry. Injini moja, nguvu farasi 200, kama Mooney. Baada ya saa zaidi ya 21 injini ilinyamaza kwa sababu tundu za hewa za tangi zilishikwa na barafu, akaangukia kwenye kinamasi cha Nova Scotia, akatoka hai. Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba hapo hapo Takaungu kwetu, hakujaliwa hivyo. Gipsy Moth yake ilianguka Voi mara tu baada ya kuruka, tarehe 14 Mei 1931, akafa yeye na mtumishi wake Kamau.

Sasa gharama yenyewe. Mooney iliyotumika, iliyo katika hali nzuri, mara nyingi hupita dola 100,000. Injini yake inatakiwa ifumuliwe yote na kuundwa upya kila baada ya takriban saa 2,000. Tuseme kazi hiyo ni dola 40,000: kila saa unayoruka umeweka deni la dola 20, hata kama mfukoni hujalihisi. Kisha kuna ukaguzi wa kila mwaka ili cheti cha usalama kihuishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, bima, na banda la kuilaza. Mafuta yenyewe ni petroli maalumu ya ndege, ambayo hupatikana kwenye viwanja vichache tu. Ukitua kwingine utakuta mafuta ya jeti, na hayo injini hii haiyataki. Na ukiileta pwani, hewa ya chumvi hula bati, na ndani ya injini isiyowashwa kutu haichelewi. Ndege ya kurushwa siku za misiba tu ni ndege inayooza.

Ndiyo maana wengi humiliki kwa shirika, watu wanne au watano, kama wazee wetu walivyoshirikiana jahazi. Kwangu mimi hii ndiyo njia pekee yenye maana, na humwokoa Muislamu na mkopo wa riba. Lakini kila mshirika anayetaka kuirusha mwenyewe lazima awe na leseni: angalau saa 40 za mafunzo, cheti cha daktari, mitihani. Na leseni ya binafsi haikuruhusu kubeba abiria kwa nauli, hata akiwa shemeji yako.

Limebaki la mawingu. Kanja iko mabegani mwa Mlima Kenya, na mwezi wa Julai ukungu na manyunyu hukaa hadi mchana. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya injini moja kutoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, wakafa wote 10, na hiyo ilikuwa na marubani wa kazi. Juu kule hewa nayo ni nyepesi, ndege huhitaji njia ndefu zaidi kuruka kuliko Malindi, na ukijaza mafuta na watu wazima wanne haitoki salama.

Rafiki yangu aliniuliza siku ile ya msiba mlima ulionekana saa ngapi. Nikamwambia saa tano ndipo kulipoanza kufunguka. Akapiga hesabu kwa vidole: "Ungeruka saa tano na nusu. Mombasa saa saba na dakika. Takaungu saa tisa kasoro. Ungewahi." Kisha akanitazama. "Lakini ungekaa Embu kungoja mpaka saa tano, ami yako akiwa amelazwa?"

Nilimwambia kweli. Saa kumi na mbili na nusu ningekuwa nimeshawasha injini.