Kesi Imeondolewa, Lakini Je, Mwanao Yuko Huru?

Tuseme wewe ni mama wa Mtongwe. Kijana wako wa miaka 19 alishikwa miezi minane iliyopita akashtakiwa kwa wizi wa pikipiki. Tangu siku hiyo umevuka feri mara ngapi? Umekaa kwenye viti vya korti ya Mombasa hadi mgongo ukauma, ukasikia "kesi itatajwa tena" mpaka maneno hayo ukayaota. Kisha asubuhi moja kiongozi wa mashtaka anasimama na kusema anaiondoa kesi. Hakimu anaandika, kijana anatoka kizimbani, nawe unapiga vigelegele. Jioni unapika pilau na majirani wanakuja kukupa hongera.

Wiki tatu baadaye gari la polisi liko mlangoni. Kijana ni yule yule, pikipiki ni ile ile na shtaka ni lile lile.

Je, polisi wamevunja sheria? La, hasha. Sheria yenyewe inawaruhusu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekueleza hivyo siku ile ya pilau.

Siri iko kwenye nambari ya kifungu. Kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamruhusu kiongozi wa mashtaka kuondoa kesi kwa idhini ya korti. Akiiondoa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, mshtakiwa huenda nyumbani, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Katiba ya 2010 nayo inasema kwamba ikiwa upande wa mashtaka umekwisha kufunga ushahidi wake, basi kesi ikisimamishwa mshtakiwa ni lazima aachiliwe huru kabisa. Hapo hakuna kumrudisha kortini kwa shtaka hilo.

Mlango huo wa 87(a) hupitwa na wakubwa kwa wadogo. Ni huo huo uliotumika Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alipoondoa kesi ya ufisadi wa mabilioni ya shilingi dhidi ya Rigathi Gachagua, ambaye wakati huo alikuwa Naibu wa Rais.

Sasa, wakili hufanya nini ili kesi ianguke? Pale Kisauni au Changamwe utaambiwa wakili mzuri ni yule "anayejua watu", na kwamba bahasha ndiyo hufunga faili. Siwezi kuapa kwamba bahasha haitembei. Lakini wakili anayejua kazi yake huanza na karatasi. Husoma hati ya mashtaka neno kwa neno, kisha hudai taarifa za mashahidi, ambazo Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuzipata mapema. Humo ndimo hazina ilimo. Shahidi anasema aliona mwizi usiku, kwenye kichochoro kisicho na taa, na hakumjua. Je, mbona polisi hawakufanya gwaride la utambulisho? Hati inataja misokoto mitano ya bangi, mkemia wa serikali alipokea mitatu. Miwili ilikwenda wapi? Na ikiwa kijana "alikiri", alikiri mbele ya nani? Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo lililotolewa mbele ya mpelelezi wa kesi hiyo hiyo.

Akishapata dosari kama hizo, wakili huiandikia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka akiomba faili ipitiwe upya. Barua moja iliyoandikwa vizuri imewahi kufanya kazi ambayo safari kumi za kortini hazikuifanya.

Hata hivyo, pambano lenyewe hutokea siku ambayo mashahidi hawakuja. Kiongozi wa mashtaka anaomba kesi iahirishwe. Wakili anapinga: ni mara ya nne, na mteja wake yuko rumande Shimo la Tewa. Hakimu anakubaliana naye, anakataa kuahirisha. Papo hapo kiongozi wa mashtaka anasema, "Basi naiondoa chini ya 87(a)." Familia zikisikia hivyo hufurahi, lakini wakili macho huwa anasimama tena haraka! Anajua kesi ikiondolewa hivyo inaweza kurudi. Humkumbusha hakimu kwamba Katiba inataka idhini ya korti, na kwamba haifai kutumia kifungu hicho ili kukwepa amri ya kutoahirisha. Ataomba mashtaka yalazimishwe kufunga ushahidi wao. Na wakifunga bila shahidi, kifungu cha 210 kinaingia: hakuna kesi ya kujibu, mshtakiwa yuko huru. Kipimo chake ni cha zamani, kiliwekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1957 katika kesi ya Bhatt: mtu haitwi kujitetea ili azibe mapengo ya waliomshtaki.

Dakika hizo mbili au tatu ndizo tofauti kati ya pilau ya kweli na pilau ya wiki tatu.

Kuna na njia ya maslaha. Majirani wa Bangladesh wamepigana, mmoja akapasuka mdomo, wazee wakawakalisha chini. Mlalamishi anaweza kumwomba hakimu aondoe malalamishi yake, na korti ikiridhika mshtakiwa huachiliwa huru. Lakini maslaha yana mpaka. Tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha kesi ya unajisi au ubakaji si wa familia wala wa mzee wa mtaa. Baba anayepokea pesa ili binti yake "asahau" hajamaliza kesi, na kwa maoni yangu yeye naye angefaa kusimama kizimbani.

Vijana wa maskani nao hupenda kusema kwamba ukikaa seli zaidi ya saa 24 bila kufikishwa kortini, kesi imekufa. Hayo yalikuwa na ukweli mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilipomwachilia mtu aliyecheleweshwa hivyo. Mwaka 2010 mahakama iyo hiyo ikabadili msimamo: haki imevunjwa, ndiyo, lakini dawa yake ni kudai fidia.

Kwa asiye na pesa za wakili, MUHURI, shirika lililoanzishwa Mombasa mwaka 1997, ni mahali pa kubisha hodi.

Siku kesi itakapoondolewa, muulize wakili au karani palepale, kabla hujarudi kivukoni: ni kifungu gani? Omba nakala ya amri ya korti. Na ile risiti ya dhamana ya pesa taslimu uliyoifunga kwenye pindo la leso, usiipoteze. Pesa hizo ni zako, lakini karani ataitaka risiti hiyo.