Majina Yaliyomezwa na Machimbo

Mtajie Kingamyambo mtu wa migodi wa Kolwezi, naye atakuonyesha bwawa la masalia: udongo laini uliokwisha kusagwa na kuoshwa kiwandani, ukarundikwa hapo tangu miaka ya 1950. Ukijumlisha na ule wa bonde la Musonoi, wataalamu walipima zaidi ya tani milioni 110, zenye shaba na kobalti ya kutosha kugombewa na makampuni. Tangu 2018 kampuni ya Metalkol inausafisha upya. Huko nje Kingamyambo ni bwawa hilo tu, na jambo hilo linaniuma, maana jina ni la lugha za kwetu. Halikuja na mashine.

Huku mito ndiyo iliyotoa majina ya mahali. Musonoi ni mto, ukawa mgodi, ukawa mtaa wa wafanyakazi. Luilu vivyo hivyo: mto, kiwanda, mtaa. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuta majina na kuyabandika kwenye mashimo yake. Shimo kubwa la KOV limebeba matatu kwa mpigo: Kamoto la hapa, Oliveira la Kireno, na Virgule, neno la Kifaransa la alama ya mkato.

Pengine jina ni la mkuu. Kwa Walunda, anayerithi kiti hurithi pia jina la marehemu na undugu wake wote. Marehemu akiwa kaka wa mkuu wa jirani, basi mrithi, hata kama ni kijana asiye na ndevu, ataitwa kaka na mzee yule. Ndiyo maana babu alikwenda "kwa Musokantanda", mmoja wa wakuu hao, na mjukuu naye huenda "kwa Musokantanda", ingawa aliyeketi kitini si yule wa zamani.

Basanga nao walijulikana kama wala shaba, na hilo nalo ni jina lenye historia. Mtama ukishavunwa na mvua kukatika, watu walihamia machimboni. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani na kuyaosha mtoni. Tanuru ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikavuviwa kwa mivukuto ya ngozi ya swala, na fundi alijitenga na mkewe mpaka kazi iishe. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa ikawa handa: msalaba wa mikono minne, mzito mkononi, wenye ncha zinazotanuka kidogo. Si msalaba wa kanisani. Wenyewe ulikuwepo huku kwa karne nyingi kabla kanisa halijafika. Huko Sanga, chini zaidi kwenye Lualaba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misalaba ya shaba makaburini, mingine juu ya kifua cha maiti. Kwa handa mtu alitoa mahari. Mwaka 1960 Katanga iliyojitenga iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake.

Watoto wa Kolwezi wanajua bendera hiyo kuliko wanavyojua mito yao, na shimo likishapanuka kijiji huhamishwa, wazee wakatawanyika pamoja na majina waliyoyajua.

Basi wewe uliye na nkambo, babu au bibi, kijijini, kaa naye jioni baada ya bukari na sombe. Muulize kijito kile kinaitwaje, nani alikiita hivyo, na nani alilima kando yake kabla ya uzio wa kampuni. Kisha andika, kwa Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Makampuni yana ramani zao. Sisi hatujaandika yetu.