Mpanda Pikipiki Aliyevuka Hamsini

Jioni moja ya mwezi wa Juni, nilipokuwa nikirejea Tanga kutoka Muheza juu ya pikipiki ambayo nimesuhubiana nayo kuliko baadhi ya rafiki zangu, jua limekwisha kuzama na adhana ya magharibi imekwisha kusikika katika vijiji vya kando ya njia, ilinitokea mbele ya gurudumu, kana kwamba imechipuka katika lami, baiskeli iliyopakiwa magunia ya mkaa, haina taa, na mwenyewe akiisukuma kwa miguu. Sikumgusa, alhamdulillahi, nilimpita kwa kadiri ya shubiri moja. Lakini nilipokwisha kusimama pembeni na kuzima injini, lililonitia fazaa halikuwa kule kuponea chupuchupu, jambo ambalo kila mpanda pikipiki amelionja, bali lilikuwa hili: mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 niliyempakia nyuma, alikuwa amekwisha kunipiga bega na kupaza sauti, "Mjomba, baiskeli!" kabla mimi sijaiona.

Tulikuwa juu ya chombo kimoja, tukimulikiwa na taa moja, na yeye tena amezibwa na mabega yangu. Basi imekuwaje aone kwanza? Jawabu laanzia katika mboni. Mboni ya kijana, giza liingiapo, hupanuka ikaachia nuru ipite kwa wingi, ilhali ya mtu wa makamo haifunguki tena kwa upana ule. Na hiyo nuru chache iliyopata njia hukuta lenzi ambayo kwa miaka imekuwa ikiingia umanjano na ukungu, mfano wa kioo cha kandili kisichofutwa masizi. Mabingwa wa macho hukadiria kwamba retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru, kwa mtu wa miaka 60 hupata takriban thuluthi moja tu ya ile aipatayo kijana wa miaka 20 mahali pale pale. Fauka ya hayo, lenzi iliyochujuka huitawanya nuru kali, hata lori lililowasha taa kubwa likipishana nawe hukuachia pazia jeupe machoni, na pazia hilo kwa mtu wa umri wangu hukawia kuondoka. Muda huo wote mtu huendesha kwa kuikumbuka barabara, si kwa kuiona. Wengi wetu hudhani kuwa miwani ya kusomea ndiyo khabari yote ya macho na umri. Kutoona tarakimu za mwendo kwaudhi, naam, lakini kinachoua ni usiku.

Baada ya kuona, kuna kutenda. Hermann von Helmholtz, bingwa wa Kijerumani ambaye ndiye pia aliyechunguza namna lenzi ya jicho inavyobadili umbo, alipima mwaka 1850 mwendo wa khabari ndani ya mshipa wa fahamu wa chura, akaukuta ni takriban mita 27 kwa sekunde, ingawa mwalimu wake, Johannes Müller, alikuwa ameshikilia kwamba muda kama huo haupimiki kamwe. Tangu hapo tumejua kuwa baina ya mtu kutaka na mkono wake kutii pana kitambo, nacho kitambo hicho hurefuka kidogo kidogo tangu ujanani, si kwa sababu ya mishipa peke yake bali zaidi kwa ubongo, ambao hukawia kukata shauri, hasa pale jambo linapokuwa halikutarajiwa. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hula zaidi ya mita 16 kila sekunde. Mwenye kutumia sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kubana breki amekwisha kwenda mita 25 kabla breki haijaanza kazi, kisha ahitaji mita 20 hivi za lami kavu ili asimame. Umri ukimwongezea robo sekunde tu, hizo ni mita 4 nyingine, na mimi siku ile nilikuwa na shubiri.

Misuli nayo hupungua tangu miaka ya thelathini, baina ya asilimia 3 na 8 kwa kila muongo, na zinazotangulia kudhoofika ni zile nyuzi za haraka, si zile za ustahimilivu. Ndiyo maana mtu wa makamo aweza kukaa juu ya tandiko kutwa nzima, lakini asiwahi kuuteremsha mguu pikipiki inapoanza kulala upande kwenye mchanga. Shingo haigeuki kama zamani, na mizani iliyo ndani ya sikio hupoteza wepesi wake. Goti langu, kila nipigapo kiki asubuhi, lanieleza mengine.

Hapa wapenzi wa pikipiki hunitajia Burt Munro wa New Zealand, ambaye mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alikwenda Bonneville, uwanda wa chumvi wa Utah, Marekani, juu ya Indian Scout iliyoundwa 1920, akaweka rekodi ya daraja lake kwa mwendo wa karibu kilomita 296 kwa saa. Khabari hiyo ni kweli, nami naipenda. Lakini uwanda ule hauna mbuzi wala daladala isimamayo bila ishara, na Munro alikwenda mchana, juu ya chombo alichokifanyia kazi kwa miongo mingi. Tendo lake lilitaka azma na tajiriba, mambo ambayo umri hauyanyang'anyi upesi; halikutaka sana kile unachokitwaa mapema, nacho ni uwezo wa kulikabili la ghafla.

Na la ghafla likitokea, mwili wa makamo hulipa zaidi. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, juu ya majeruhi wa pikipiki waliofikishwa vyumba vya dharura baina ya 2001 na 2008, ulionyesha kwamba waliotimiza miaka 60 walilazimika kulazwa mara tatu zaidi ya vijana wa miaka ya ishirini na thelathini, na wa miaka ya arobaini na hamsini karibu mara mbili.

Nilikwenda kupimwa macho, nikaambiwa sina mtoto wa jicho bado. Nimebadili kioo cha kofia, kwa kuwa mikwaruzo huitawanya nuru kama lenzi kuukuu, na Muheza sasa naiendea baada ya alfajiri, nikarejea kabla ya alasiri. Safari ya mwisho nilimwona mbali msukuma mkaa mmoja, baiskeli imeelemewa vile vile, nikaanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Nilipofika naye nilikuwa nimehesabu tisa, na nafasi ya kumpigia honi ya salamu ilibaki.