Mchezo Ambao Hauna Adui

Ukipita jioni katika vichochoro vya Tandale, Mwananyamala, Tandika au Mbagala, si vigumu kukitambua kibanda cha gemu hata kabla hujakifikia, maana kelele zake hutangulia. Pazia limeshushwa mlangoni ili mwanga usiingie. Ndani mna mabenchi, runinga mbili tatu, na watoto waliobanana wakimtazama mwenzao aliyeshika kidude cha vitufe. Kinachochezwa aghalabu ni mpira wa miguu, na kama si mpira basi ni ngumi au bunduki. Mtoto hulipa sarafu zake, hucheza mechi yake, hufungwa, huinuka. Mwenye kibanda hupata riziki yake kwa sababu aliyefungwa hataki kwenda kulala na aibu ile.

Wazazi wengi wa Kinondoni na Temeke wamekwisha kuvihukumu vibanda hivi, nao hawakosi sababu. Pengine hatua chache tu kutoka kwenye kibanda limesimama dubwi, ile mashine ya kumeza sarafu, na mama anayemtafuta mwanawe saa moja ya usiku hana subira ya kupambanua kipi ni kipi. Hata hivyo tofauti ipo, tena ni ya kisheria. Dubwi ni mchezo wa kubahatisha, liko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kulicheza. Gemu si kamari. Lakini makala haya hayakuja kuvitetea vibanda. Yamekuja kueleza habari za mchezo mmoja usioonekana humo, na ambao kwa hakika ungemfilisi mwenye kibanda: humalizika kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, hauna adui, hauna wa kufungwa, na ukishakwisha humwacha mchezaji aende zake.

Mchezo huo unaitwa A Short Hike, yaani matembezi mafupi ya mlimani. Mtunzi wake ni Adam Robinson-Yu wa Kanada, aliyeutunga kwa miezi michache baada ya kuiweka kando kazi nyingine kubwa zaidi. Ulitolewa kwa ajili ya kompyuta mwaka 2019, na mwaka 2020 ukaingia katika mashine za Nintendo. Mwaka huohuo wa 2020 ulitwaa tuzo kuu ya tamasha la Marekani la michezo ya video inayotungwa na watu wasio chini ya makampuni makubwa. Muziki wake ulitungwa na Mark Sparling, nao una tabia moja ya kupendeza: hubadilika taratibu kadiri mchezaji anavyotoka ufukweni kwenda msituni, na kutoka msituni kwenda kwenye theluji, kana kwamba mpigaji anamfuata nyuma.

Kwa ukoo, mchezo huu ni ndugu wa Mario. Waliokuwa watoto katika miaka ya 1990 wanaikumbuka ile mashine ya kaseti iliyochomekwa nyuma ya runinga, na yule bwana mwenye masharubu aliyerukaruka kutoka tofali hadi tofali. Super Mario Bros ilitolewa Japani mwaka 1985, na kanuni yake ilikuwa kali: saa inahesabu kurudi nyuma, mashimo yapo kila mahali, na ukikosea mara tatu umekwisha. Msisimko wake wote ulitokana na hofu. Wengi hawakuwahi kuufikia mwisho wake, bali waliufikia wakati wa umeme kukatika. Katika A Short Hike kuruka kupo, kupanda kupo, na kupaa kupo, lakini hofu imeondolewa. Ukianguka kutoka mlimani huumii; unakunjua mabawa na kuteremka polepole, na huko unakoangukia huenda ukakuta njia ambayo hukuiona ulipokuwa ukipanda.

Maana mhusika wake ni ndege. Jina lake Claire, binti wa mjini aliyekwenda kukaa na "aunt" yake, May, ambaye ni mlinzi wa hifadhi ya mlima kisiwani. (Msomaji wa Temeke atauliza papo hapo: huyo May ni shangazi, mama mdogo au mama mkubwa? Kiingereza hakisemi, na Wazungu huishi na utata huo bila taabu. Sisi na tumwite shangazi, tuendelee na safari.) Claire anasubiri simu ya maana sana, lakini kisiwani hakuna mtandao. Shangazi anamwambia kwamba mtandao hushika kileleni tu. Hapo binti anaanza kupanda.

Nadhani hakuna hadithi ya Kizungu inayohitaji maelezo machache kuliko hii kwa mtu aliyewahi kwenda likizo kwao bara. Nani kati yetu hajamwona mtu aliyesimama juu ya kichuguu, au chini ya mwembe mmoja mahususi, mkono mmoja umeinua simu juu kama anayeomba mvua? Kuna vijiji ambavyo jiwe la kupigia simu linajulikana kwa wote, na jioni watu hulipangia zamu. Alichokifanya mtunzi wa Kanada ni kulifanya lile jiwe kuwa mlima, na kumwachia mchezaji aamue apite wapi kulifikia.

Na njia ni nyingi. Hakuna ramani pembeni ya kioo, hakuna mshale unaosema nenda huku. Ili kupanda juu zaidi Claire anahitaji manyoya ya dhahabu. Kila unyoya humwongezea nguvu ya kung'ang'ania mwamba au kupiga bawa mara moja zaidi hewani. Manyoya hayo yametawanyika kisiwa kizima: mengine yamefichwa juu ya vilele vidogo, mengine yanauzwa, mengine hutolewa zawadi na wenye shukrani. Yako 20, ingawa kileleni unaweza kufika kwa machache zaidi. Kwa hiyo mchezaji mwenye haraka atakwenda moja kwa moja, na mchezaji asiye na haraka atapotea. Utamu wote uko kwa aliyepotea. Atamkuta mtoto ufukweni anayetaka kuokotewa makombe ya baharini. Atamkuta mkimbiaji aliyepoteza kitambaa chake cha kichwani, ambaye bila kitambaa hicho anaona hawezi kukimbia. Atakuta wavuvi wa ndoana, na mchezo wa kupigiana mpira kwa kijiti mchangani, usio na kombe wala zawadi kubwa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayemlazimisha Claire kukaa, wala anayemlaumu akiondoka.

Katika michezo mingine ya video, mambo kama haya huwa ni kazi: fanya hili upate pointi, usipolifanya leo utapoteza ulichokipata jana. Huo ndio mtego hasa wa michezo mingi ya simu, kwamba imetungwa isiishe, na kila asubuhi humwita mchezaji kwa tuzo ndogo ili asije akasahau. Mwezi Mei mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, na ndani yake mlikuwamo maradhi ya kushindwa kuacha kucheza michezo hii. Orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Shirika halikusema kwamba kila achezaye ni mgonjwa. Lilitaja hali ya mtu ambaye mchezo umeyatangulia masomo, usingizi, kazi na jamaa zake, na bado anaendelea hata anapoona madhara yake. Mwaka huohuo wa 2019 kikatokea kijimchezo cha Kanada chenye mwisho unaojulikana. Ilisadifu tu, lakini mzazi anayetafuta kipimo cha kuchagulia gemu la nyumbani anaweza kuanzia hapo: je, lina mwisho?

Yapo maneno ya kusemwa pia juu ya huko kupotea. Shigeru Miyamoto, Mjapani aliyemtunga Mario, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa mtoto wa shamba akizurura vilimani, akagundua pango, na jinsi kumbukumbu hiyo ilivyozaa mchezo wake wa Zelda wa mwaka 1986. Mzee aliyekulia Temeke wakati mikorosho na miembe ilipokuwa bado imesimama kati ya nyumba na nyumba hahitaji kuelezwa jambo hilo. Mtoto alitoka asubuhi, akarudi magharibi na vumbi la mitaa mitatu miguuni, na katikati alikuwa amecheza kombolela, amerusha tiara, ameokota maembe yasiyo yake, na kuonywa na mama wa mtu. Leo viwanja vingi vimejengwa, barabara zina bodaboda, na mzazi anayemfungia mwanawe ndani si mkatili, anaogopa. Kisiwa cha kwenye kioo hakirudishi mikorosho ile. Lakini ni uzururaji, kwa maana ileile ya zamani, na mtoto hutambua mara moja kwamba hapa hapimwi.

Ningeishia hapo kama mchezo wenyewe ungeishia hapo. Lakini iko ile simu. Claire anafika kileleni ambako baridi hugandisha manyoya yake, na simu inalia. Ni mama yake. Tangu mwanzo mama alikuwa anafanyiwa upasuaji, na binti alipelekwa kisiwani na wasiwasi huo kifuani. Mama anazungumza, yu hai, upasuaji umekwenda vyema. Ndipo mchezaji anapoelewa kwamba saa nzima ya kuokota makombe na kuvua samaki na kuvijali vitambaa vya watu ilikuwa ni namna ya kusubiri.

Ndugu msomaji, waulize walioketi kwenye viti vya nje katika hospitali za Mwananyamala, Temeke au Muhimbili wakati mtu wao yuko chumba cha upasuaji. Mmoja atahesabu mabati, mwingine atakwenda kununua maji mara nne, wa tatu atamsaidia mgeni kutafuta wodi. Hawajamsahau mgonjwa. Na watoto ambao hupelekwa kwa shangazi siku kama hizo, huku wakubwa wakinong'ona, nao wanasubiri ingawa hakuna aliyewaambia kitu. Sijui mchezo mwingine wa video unaolijua jambo hili kwa adabu kama hii, bila kumliza mtu kwa nguvu.

Kwa mwenye nia ya kuujaribu: bei yake ya kawaida ni dola 7.99, takriban shilingi elfu 20, na hauhitaji kompyuta ya fahari. Picha zake ni za vipande vipande vinene kwa makusudi, na kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wa chuo huuweza. Taabu moja ni lugha, maana haukutolewa kwa Kiswahili, na ndege hao wana maneno mengi ya mzaha. Nyumba yenye watoto wawili inaweza kugawana: mkubwa asome na kutafsiri kila wanapokutana na mtu njiani, mdogo amwongoze ndege. Watagombana kidogo juu ya wapi pa kwenda kwanza, ufukweni au msituni.