Ajira na Umaskini Mikoani: Kweli au Si Kweli?

"Mkoa wenye watu wengi wasio na kazi ndio mkoa maskini."
Si kweli, na hakuna dhana inayotupotosha kuliko hii. Utafiti wa nguvukazi wa 2014 ulikuta ukosefu wa ajira Dar es Salaam ukizidi asilimia 20, takriban mara mbili ya kiwango cha Tanzania Bara. Hata hivyo, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 8 tu ya wakazi wa jiji hilo wakiishi chini ya mstari wa umaskini, yaani shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa Bara nzima ilikuwa asilimia 26.4. Kijana wa Tabata, jijini humo, anayesubiri majibu ya maombi ya kazi mara nyingi ana kaka au shangazi wa kumlisha. Mkulima wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, asiposhika jembe, watoto wanalala njaa. Kwenye takwimu, mkulima ana kazi na kijana hana.

"Mgodi ukija, umaskini unaondoka."
Si kweli. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000. Takwimu za 2012 ziliuweka umaskini wa mkoa huo kwenye asilimia 43.7, Kilimanjaro ikiwa na 14.3. Mitambo huchimba dhahabu nyingi kwa mikono michache.

"Umaskini Tanzania umepungua."
Kweli kwa asilimia: ulishuka kutoka 28.2 mwaka 2011/12 hadi hiyo 26.4 ya 2017/18. Kwa vichwa si kweli, kwani watu waliongezeka na maskini wakafika takriban milioni 14 mwaka 2018.

"Mkoa unaolisha wengine hauwezi kuwa maskini."
Si kweli, na hili linaniuma. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ni ghala la mahindi la nchi. Mwaka 2017/18 ndiyo iliyoongoza Bara kwa umaskini: asilimia 45. Mkulima huuza mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kwa sababu deni la mbolea na sare za shule havingoji. Tena katikati ya 2017, miezi michache kabla ya utafiti kuanza, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na bei ikaporomoka. Zambia iko jirani tu, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya. Anayeahidi ajira Rukwa aseme kwanza mahindi yatauzwa wapi, na kwa bei gani.