Dawa ya kukinga rangi ya gari: tuipime wenyewe



Kiangazi kilichopita shoferi mmoja wa kamyo inayobeba mawese kutoka Rumonge kwenda Bujumbura alitujia na karatasi yake ya mshahara mkononi. Alikuwa amekatwa fedha, na sababu iliyoandikwa ni "uharibifu wa rangi". Tajiri wake alikuwa amenunua ile dawa inayopakwa juu ya rangi ya gari, ambayo wauzaji husema inafukuza maji na uchafu mwaka mzima. Kamyo yote ikapakwa. Baada ya miezi mitatu boneti na paa la kebini vilijaa madoa meupe, na kule nyuma, chini ya mdomo wa tenki, rangi ilikuwa imefifia na kushika weusi wa mafuta na vumbi. Tajiri akamwita muuzaji, muuzaji akasema dawa yake ni nzima. Basi ikaamuliwa kwamba mwenye kosa ni shoferi na kijana wake anayeosha gari.

Tajiri hatumtaji, wala dawa hatuitaji jina. Jambo lililotushangaza ni kwamba kati ya watu wote hao hakuna aliyeipima dawa yenyewe. Kila mmoja alikuwa na maneno yake tu, na katika mashindano ya maneno tunajua ni nani hukatwa mshahara. Kwa hiyo tumeona tueleze hapa dawa hizi zinafanya nini, hazifanyi nini, na mfanyakazi anaweza kuzipima vipi kwa vitu alivyo navyo.

Hebu tuanze na mchezo wa muuzaji, maana wengi mmeuona. Anachukua gari safi, anapaka dawa, anafuta, kisha anamimina maji ya chupa. Maji yanajikusanya matone matone kama shanga, yanateleza, watu wanafurahi. Mchezo huo si uongo. Lakini umeonyesha jambo moja tu: kwamba leo, kwenye rangi safi, maji safi hayashiki. Haujaonyesha litakalotokea kwa vumbi, kwa mawese, kwa sabuni, wala kwa jua la mwezi wa nane.

Kwa nini maji hujikunja hivyo? Chembe za maji zinapendana zenyewe kwa nguvu, na juu ya tone mvutano huo hufanya kama ngozi iliyokazwa. Rangi iliyochakaa huyavuta maji, ndiyo maana tone hutandazika juu yake kama chapati kwenye kikaango. Nta na vitu vya jamii yake haviyavuti, kwa hiyo tone hubaki limesimama. Ukitaka kuona vizuri, inama mpaka jicho liwe sawa na boneti, utazame tone kwa ubavu, pale ukingo wake unapogusa rangi. Tone lililosimama kama nusu ya mpira limefanya pembe ya digrii 90. Likijikunja zaidi, ukingo ukiingia chini, pembe imepita 90, na hapo husemwa kwamba rangi inafukuza maji. Nta nzuri hufika digrii 100 na kidogo. Hata vitu vikali kuliko vyote katika kazi hii, vikipakwa mahali palipo laini, havipiti 120 hivi.

Sasa nendeni bondeni mtazame jani la majimbi, yale tunayoyaita pia amateke. Mwagia maji. Tone linakuwa duara kabisa, linabingirika kama gololi na kuondoka na vumbi lote lililokuwa njiani. Pale pembe imepita digrii 150. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa mimea kutoka Bonn, Ujerumani, Barthlott na Neinhuis, waliandika jinsi jani la yungiyungi linavyojisafisha kwa njia hiyo hiyo. Jani lile si laini. Lina vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vimefunikwa na nta, na tone hukaa juu ya ncha zake huku chini kukiwa na hewa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba gari lako litajisafisha kama jani, mwulize vinundu viko wapi. Rangi ya gari ni laini, na isingekuwa laini isingeng'aa.

Hapo ndipo madoa meupe ya shoferi wetu yanapoingia. Kwenye rangi laini iliyopakwa dawa matone husimama, lakini mengi hayaondoki. Mlangoni huteremka, ila juu ya boneti na juu ya paa hubaki pale pale mpaka jua liyakaushe. Na maji yenyewe ni yapi? Kijana alikuwa akiosha kwa ndoo, kwa maji ya ziwa. Tanganyika si maji ya mvua. Mito inaingia na kuleta chumvi za mawe na udongo, lakini maji yanayotoka kwa mto ni yale ya Lukuga tu, upande wa Kongo. Sehemu kubwa hupaa juu kwa jua, na chumvi hubaki. Kwa hiyo maji ya ziwa letu yana magnesi, kalsi na chumvi nyingine, na yana ukali wa magadi, pH yake ikiwa karibu 9. Ukiyaonja husemi ni chumvi. Lakini tone likikauka juu ya rangi huacha kile lilichobeba.

Tazameni basi. Kwenye rangi isiyo na dawa maji yale yangetandaa, chumvi yake ikawa utando mwembamba. Kwenye rangi yenye dawa tone limesimama, chumvi yote inakauka mahali pamoja na kuacha duara jeupe. Yaani madoa yale hayakuwa ushahidi kwamba dawa iliharibiwa na mwoshaji. Yalikuwa ushahidi kwamba, mpaka siku ile, juu ya boneti dawa ilikuwa bado inafukuza maji! Dawa ya madoa hayo ni kukausha gari kwa kitambaa kabla ya jua, au kusuuza mwisho kwa maji ya mvua yaliyokingwa. Kijana alikuwa akiosha saa saba mchana, kwa kuwa ndiyo saa aliyopewa.

(Na tuseme kwa kupita: gari lenye mawese na dizeli lisioshwe ndani ya ziwa. Bujumbura inakunywa maji hayo, na samaki tunawavua humo.)

Tuje upande wa nyuma wa kamyo, kwenye tenki. Hapo ugomvi haukuwa wa maji bali wa mafuta. Kitu kinachofukuza maji si lazima kifukuze mafuta. Mvutano wa mawese ni mdogo, haufiki nusu ya ule wa maji, kwa hiyo mawese hutandaa vizuri kabisa juu ya nta na juu ya dawa nyingi za madukani. Yakishatandaa, vumbi jekundu hukaa juu yake. Kuyaondoa, mwoshaji hutumia sabuni yetu ya kipande yenye magadi, tena kwa nguvu, na wengine huongeza mafuta ya taa. Vyote viwili huondoa mawese, na pamoja na mawese huondoka nta. Kamyo ya kubeba mawese isiyodondosha hata kidogo mdomoni mwa tenki sisi hatujaiona. Basi kama dawa ilikwisha upande ule, ni mzigo wenyewe uliyoimaliza.

Wapo wenzetu wanaosema dawa za nini, tupake mawese. Kweli asubuhi yanang'aa. Lakini mawese huyeyuka yakifika kama digrii 35 za joto, na bati lililokaa juani hupita hapo mapema sana. Yanakuwa maji, yanashika vumbi la barabara, na kufika Minago gari limevaa kanzu nyekundu. Ajabu ni kwamba moja ya nta bora za magari duniani hutoka kwenye mti wa jamii moja na mchikichi: ni mnazi wa porini wa kaskazini-mashariki ya Brazili, ambao majani yake hutoa nta iitwayo carnauba. Nta hiyo haiyeyuki mpaka ipite digrii 80. Mti mmoja umetupa mafuta, mwingine umewapa wenzetu nta. Si vitu vya kubadilishana.

Sasa kupima. Chagua mahali pamoja, tuseme mlango mmoja au boneti. Osha, suuza, kausha. Pitisha utepe wa gundi katikati kutoka juu mpaka chini. Paka dawa upande mmoja tu, kama karatasi ya dawa inavyosema, kisha ng'oa utepe. Tangu siku hiyo pande zote mbili zipate jua lile lile, vumbi lile lile, sabuni ile ile na mkono ule ule. Huu ndio moyo wa kipimo. Ukipaka gari zima huna cha kulinganisha nacho, na ndilo kosa la tajiri wetu. Kama gari lina kazi mbili, pima mahali pawili: mmoja panapopigwa na mafuta, mmoja pasipoguswa na mafuta.

Kila baada ya kuosha, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya mvua, udondoshe matone yaliyo sawa kila upande. Tazama kwa ubavu kama tulivyosema. Kisha tazama yanavyoteremka: je, yanakwenda yenyewe, au yanaacha mkia wa maji nyuma? Mkia ukianza kuonekana, dawa imeanza kuchoka. Kisha vumbi. Liache gari safari moja, upulize au umwage kopo moja la maji kutoka juu bila kugusa kwa mkono, uone ni upande gani umebaki na vumbi zaidi. Andika tarehe, idadi ya kuosha na sabuni iliyotumika. Simu yenye kamera ikiwepo, piga picha zikionyesha pande zote mbili pamoja.

Kuna mtego mmoja, na sisi wenyewe ulitunasa. Safari ya kwanza tuliona maji yametandaa upande wa dawa, tukataka kutangaza kwamba dawa imekufa. Kumbe rangi ilikuwa bado na sabuni. Sabuni iliyobaki huvunja mvutano wa maji, na uchafu nao hufunika dawa iliyo hai chini yake. Tulisuuza tena mara tatu, matone yakasimama. Kwa hiyo usihukumu kabla ya kusuuza sana, maana hapo utakuwa unapima sabuni.

Asije mtu akasema kipimo cha ndoo na sindano si cha kitaalamu. Agnes Pockels alikuwa mwanamke wa nyumbani kule Braunschweig, Ujerumani, hakusoma chuo kikuu. Alichunguza jinsi mafuta kidogo yanavyobadili mvutano wa uso wa maji kwa karai la bati na vifaa alivyojitengenezea nyumbani. Barua yake alimwandikia Lord Rayleigh, mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, naye akaifanya ichapishwe katika jarida la Nature mwaka 1891.

Kuhusu ahadi za mwaka mzima au miaka mitano, tukumbuke mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar. Ubao wa juu hupakwa mafuta ya papa yaitwayo sifa, na sehemu ya chini ya maji hupakwa deheni, yaani chokaa na mafuta ya mnyama. Hakuna nahodha anayepaka mara moja akasahau. Chombo hupandishwa ufukweni, husuguliwa, hupakwa upya, na kazi hiyo inahesabiwa katika gharama za chombo. Na dawa ya gari haizuii kutu inayoanzia ndani ya mlango au chini ya chasi, ambako haipakwi. Waliofikiwa na maji ya ziwa mwaka 2024, magari yao yakasimama majini, wanalijua hilo.

Jambo la afya tusilisahau. Nyingi ya dawa hizi zina vimiminika vya jamii ya petroli, na hewa yake huumiza kichwa na kifua. Zipakwe nje au penye upepo, kwa glavu, mbali na moto na sigara. Atakayepaka asomewe karatasi ya dawa kwa lugha anayoijua.

Tukarudi kwa shoferi wetu. Katika kopo lile lile dawa kidogo ilikuwa imebaki. Mbele ya tajiri tulipaka nusu ya mlango mmoja na nusu ya bati la nyuma karibu na tenki, kazi ikaendelea kama kawaida. Nyuma, baada ya kuosha mara sita kwa sabuni, pande mbili zilikuwa hazitofautiani. Mlangoni, siku ile ile, nusu iliyopakwa ilikuwa bado inasimamisha matone. Tajiri aliinama akatazama mwenyewe, akanyamaza, akaomba daftari alisome.

Makato ya miezi miwili yamerudishwa. Kijana amepewa saa ya kuosha asubuhi, na pipa la kukingia mvua limewekwa kando ya banda, ingawa kiangazi halina kitu. Makato ya mwezi wa tatu bado tunayadai.