Taa imezimika mtaani? Usiishie kumtagi gavana

IKIFIKA saa moja jioni, giza huwa limeingia Marani. Wanafunzi wa kutwa wengine bado wako njiani, mama mboga ndio anafunga kibanda, na bodaboda wanapanda na kushuka milima wakitoka Kisii mjini. Mvua ya Gusii ikishuka, mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya barabara haonekani hadi pikipiki imfikie.

Hapa hatuzungumzii urembo wa mji. Kwa takwimu za NTSA, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya kila mwaka kati ya 2022 na 2024, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi zaidi. Tena si ajali pekee. Taa za mlingoti mrefu tuliziita 'mulika mwizi' kwa sababu: penye mwanga, mwizi hukosa pa kujificha.

Sasa taa ikizima, wengi wetu hufanya nini? Tunapiga picha, tunaposti, tunamtagi gavana. Kufikia kesho posti imezikwa chini ya vichekesho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko pia ni hivyo.

Kwanza, jua mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti kazi ya taa za barabarani na barabara za kaunti. Kwa hivyo mtu wa kwanza ni msimamizi wa wadi, kisha msimamizi wa kaunti ndogo pale Marani, na nakala kwa MCA. Barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, za mijini KURA na za mashambani KeRRA. Nguzo ya stima ikianguka au waya ukining'inia, usingoje barua: kaa mbali, zuia watoto wasikaribie, pigia Kenya Power 97771.

Pili, andika kitu ambacho fundi anaweza kukitumia. "Marani kuna giza" haimsaidii. Taja nguzo ya ngapi kutoka stage, kanisa au shule iliyo karibu, na tangu lini taa haiwaki. Kama ni kona iliyozibwa na nepia au migomba, sema dereva anatoka upande gani. Weka picha ya mchana na ya usiku. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Hiyo nakala ndiyo silaha yako.

Tatu, cheza na kalenda ya pesa. Kubadilisha balbu ni jambo dogo, lakini mlingoti mpya lazima uwe kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukija kulia Julai, pesa zishagawanywa. Vikao vya kukusanya maoni ya umma mara nyingi hujaa wazee huku vijana wakisema "hiyo ni ya wanasiasa". Halafu tunashangaa mbona taa ziliwekwa kwingine.

Na wakinyamaza je? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza kwa maandishi ni pesa ngapi zilitengewa taa za wadi yenu na zilitumika vipi. Ofisi ina siku 21 kukujibu, na saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Wakikuzungusha, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mnaweza pia kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti.

Barua ya mtu mmoja ni rahisi kuwekwa kando. Ikiwa na sahihi za watu wa stage, wazazi wa shule na wenye vibanda, inakuwa nzito. Mko na group ya WhatsApp ya mtaa tayari. Chagueni mmoja aandike, mwingine apige picha, na wa tatu afuatilie kila wiki.